Asenath Bole Odaga: Mwalimu, Mtunzi wa Watoto, na Suala la Hadhira

Utangulizi

Katika historia ya uandishi wa Afrika Mashariki lipo kundi la watunzi ambalo wahakiki wetu wamezoea kulipita kimya. Hao ni watunzi wa vitabu vya watoto. Mhakiki anayetaka kuonyesha uzito wa taaluma yake huchagua riwaya ya watu wazima, au tamthilia iliyozusha ubishi, au utenzi wa kale wenye msamiati wa kumtoa jasho. Kitabu cha mtoto, chenye kurasa chache na picha, humwachia mwalimu wa shule ya msingi. Naye mwalimu huyo, kwa kubanwa na mtihani, hukitumia kama zana ya kufundishia sarufi na ufahamu. Hivyo basi kitabu kinachomfungulia mtu mlango wa fasihi kwa mara ya kwanza ndicho kinachokosa mtu wa kukisoma kwa makini kama fasihi.

Makala haya yamekusudiwa kupunguza upungufu huo kwa kuzitazama kazi za Asenath Bole Odaga (1937–2014), mmoja wa Wakenya wa kwanza kuwaandikia watoto wa nchi hii hadithi zilizotokana na mazingira yao. Kwa kawaida kazi zake hugawanywa mafungu manne: hadithi za watoto kwa Kiingereza, vitabu vya kufundishia fasihi simulizi, maandishi ya Dholuo, na shughuli za uchapishaji. Hoja yetu ni kwamba mafungu hayo manne ni kazi moja. Yote yanajibu swali moja, nalo ni hili: ngano inapotoka kinywani mwa mzee na kuingia kitabuni, hadhira yake ni nani, na hadhira hiyo itamjibu msimulizi kwa lugha gani? Tutajaribu kuonyesha kwamba jibu alilolitoa Odaga katika miaka ya 1960 halikuwa sawa na lile alilolitoa katika miaka ya 1980, na kwamba umuhimu wake kwetu umo katika safari iliyopo baina ya majibu hayo mawili.

Huenda msomaji akashangaa kwamba tunamjadili kwa Kiswahili mtunzi aliyesifika kwa Kiingereza na Dholuo. Lakini uhakiki wa Kiswahili hauna budi kutoka nje ya uga wake mara kwa mara. Lugha ambayo Katiba ya mwaka 2010 imeifanya lugha ya taifa na lugha rasmi inapaswa kuwa na uwezo wa kuzijadili fasihi za jamii zote za taifa hilo, la sivyo hadhi hiyo itabaki kuwa jina tupu. Isitoshe, matatizo yaliyomkabili Odaga ndiyo yanayomkabili mtunzi wa watoto anayetumia Kiswahili.

Maisha yake kwa ufupi

Odaga alizaliwa Rarieda, katika sehemu ya Siaya, mwaka 1937. Alisoma Alliance Girls, kisha akafunzwa ualimu katika chuo cha Kikuyu. Mwaka 1957 na 1958 alifundisha katika chuo cha ualimu cha Church Missionary Society huko Maseno, akaenda Butere, na kuanzia mwaka 1961 hadi 1963 akawa mwalimu mkuu wa shule ya wasichana ya Nyakach. Kwa maneno mengine, Uhuru ulimkuta akiwa tayari amewafundisha watoto na amewafundisha walimu wa watoto. Jambo hili ni la msingi. Watunzi wengi wa kizazi chake waliingia katika uandishi kupitia idara za fasihi za vyuo vikuu. Odaga aliingia kupitia darasani, na alikuwa amekwisha kuchapisha vitabu kadhaa kabla ya kupata shahada yake ya kwanza.

Baada ya hapo alishika kazi mbalimbali mjini Nairobi, zikiwemo za Bodi ya Maziwa na za huduma ya maktaba. Mwaka 1974 alihitimu katika historia kwenye Chuo Kikuu cha Nairobi. Alishiriki katika kazi ya kuunda mitaala chini ya chama cha elimu cha makanisa, kisha kuanzia mwaka 1976 hadi 1981 akawa mtafiti katika Taasisi ya Uchunguzi wa Mambo ya Afrika ya chuo hicho hicho. Mwaka 1982 alirudi Kisumu, akaanzisha duka la vitabu pamoja na kampuni ya uchapishaji iitwayo Lake Publishers and Enterprises. Aliendelea kuandika, kuchapisha na kutetea haki za wanawake hadi alipofariki mwaka 2014.

Siwindhe na darasa

Ili kuelewa alichokuwa akikitafuta, yafaa tukumbuke mazingira ya ngano katika jamii ya Waluo. Ngano huitwa sigana, na wingi wake ni sigendini. Mahali pake maalumu palikuwa siwindhe, yaani nyumba ya bibi kizee ambamo watoto walilala na kulelewa. Bibi huyo aliitwa pim. Wanahistoria David William Cohen na E. S. Atieno Odhiambo, katika kitabu chao Siaya cha mwaka 1989, wameeleza jinsi pim alivyokuwa mlezi mwenye kazi nzito: ndiye aliyewafundisha watoto ukoo, mipaka, adabu na siri za maisha. Aghalabu alikuwa mtu aliyetoka mbali, ambaye hakuwazaa watoto aliowalea, na kwa sababu hiyo alikuja na maarifa ya kwingineko.

Katika siwindhe hadhira haikuwa mkusanyiko wa watu wanaonyamaza. Watoto waliitikia, waliimba viitikio, walimkosoa msimulizi aliyeruka kisa, na zamu yao ilipofika walisimulia wenyewe. Aliyekuwa hadhira jana alikuwa fanani leo. Msimulizi alipomaliza alitamka fomula ya kufungia, thu tinda, na mara nyingi aliongeza dua ya kwamba akue na kurefuka kama mti wa kwa wajomba zake. Mtu wa pwani aliyezoea kuitikia “pakawa” pindi asikiapo “paukwa” atatambua mara moja kwamba fomula za namna hii si mapambo. Ni makubaliano baina ya fanani na hadhira yake kwamba ulimwengu wa hadithi umefunguliwa ama umefungwa.

Ama darasa la ukoloni lilikuwa na makubaliano mengine. Mtoto aliyesikika akisema lugha ya mama yake alivishwa kibao shingoni, akakaa nacho mpaka amsikie mwenzake akitenda kosa hilo hilo amkabidhi. Mwaka 1957 ulianzishwa jijini Nairobi mpango wa kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, na baada ya Uhuru ripoti ya Tume ya Ominde ya mwaka 1964 iliunga mkono mwelekeo huo. Vitabu vya Kiswahili vilikuwepo, lakini vingi vya vile vilivyosambazwa shuleni kabla ya hapo vilikuwa tarjama. Kisiwa chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani vilitafsiriwa chini ya usimamizi wa Frederick Johnson katika miaka ya 1920, na hata Hekaya za Abunuwasi, zilizopendwa mno, zilikuwa na asili ya Uarabuni. Mtoto wa Rarieda au wa Nyakach aliyejua kusoma hakuwa na kitabu kinachomwonyesha mtu wa kwao akifanya jambo la maana.

Odaga alikuwa mwalimu katika darasa hili. Aliijua siwindhe, na aliijua shule iliyokuja kuchukua nafasi yake. Uandishi wake ulianzia katika pengo lililokuwa kati ya nyumba hizo mbili.

Vitabu vya kwanza: mtoto apewa sura yake

Mwaka 1966 Odaga alichapisha vitabu viwili, The Secret of Monkey Rock na Jande's Ambition. Mwaka uliofuata vikafuata The Diamond Ring na The Hare's Blanket and Other Tales, kisha The Angry Flames mwaka 1968, Sweets and Sugar Cane mwaka 1969 na The Villager's Son mwaka 1971. Vingi vilitolewa na East African Publishing House, shirika lililoanzishwa Nairobi mwaka 1965, ambalo mwaka 1966 lilitoa pia The Promised Land ya Grace Ogot. Si ajabu kwamba wasomi walimwandama Ogot na kumwacha Odaga. Riwaya ilihesabiwa kuwa fasihi, na kitabu cha mtoto kikahesabiwa kuwa kifaa cha shule.

Lakini hebu tuyatazame yale yaliyokuwa yakitendeka katika vitabu hivyo vidogo. Kwanza kabisa, kile kitendo cha kumpa msichana wa Kiafrika jina lake na hamu yake katika anwani ya kitabu, kama ilivyo katika Jande's Ambition, kilikuwa na uzito mwaka 1966. Mwandishi alikuwa ametoka kuongoza shule ya wasichana miaka michache tu kabla yake. Aliwajua wasichana waliotolewa shule ili waolewe, na aliijua mizani ambayo mzazi mwenye karo ya mtoto mmoja aliitumia kumpima binti na mwana. Kitabu kilichomwambia msichana kwamba nia yake yaweza kuwa kiini cha hadithi kilikuwa hoja ya kisiasa, ijapokuwa hakikutaja siasa hata mara moja.

Pili, Odaga hakutaka mtoto afungwe katika kijiji chake. Mfululizo wake juu ya mtoto aitwaye Kip (Kip on the Farm, 1972, kisha Kip at the Coast na Kip Goes to the City, 1977) unamtoa mhusika shambani na kumfikisha pwani na mjini. Jina lenyewe linamkumbusha msomaji Bonde la Ufa zaidi ya Nyanza. Mtunzi Mluo anayemwandikia mtoto wa taifa zima juu ya mhusika mwenye jina la jamii nyingine, akamtembeza nchi nzima, alikuwa akifanya kazi ileile ya pim: kulea watoto asiowazaa kwa maarifa ya kutoka mbali. Katika nchi ambayo siasa ilianza mapema kuwagawa watu kwa makabila, chaguo hili halikuwa dogo.

Pamoja na hayo hatuna budi kusema kwamba jibu hili la kwanza lilikuwa na gharama. Maudhui yalikuwa ya Kiafrika, lugha ikabaki kuwa Kiingereza. Sungura wa The Hare's Blanket ni yule yule mjanja anayejulikana kutoka Kisumu hadi Lamu, lakini Sungura anayesema Kiingereza huwa amekwisha kupita mlangoni pa shule. Mtoto asiyejua kusoma Kiingereza hawezi kumfikia. Bibi wa mtoto huyo, ambaye pengine ndiye aliyeihifadhi ngano hiyo, hawezi kuisikiliza ikisomwa wala kumkosoa msomaji. Hadhira imebadilika bila kelele. Zamani ilikuwa nyumba nzima iliyojaa watoto wa rika mbalimbali na mzee mmoja. Sasa ni mwanafunzi mmoja na kitabu chake, na mtu wa tatu anayewachungulia ni mtahini. Ngano iliyokuwa na watu wa kuitikia sasa imebaki na maswali ya ufahamu mwishoni mwa sura.

Haifai kumlaumu Odaga kwa hali hii kana kwamba alikuwa na njia nyingi za kuchagua. Mchapishaji wa wakati ule alichapisha kile ambacho shule zilinunua, na shule zilinunua kile kilichotahiniwa. Hata hivyo mhakiki anao wajibu wa kuipima kazi kwa matokeo yake, na matokeo yake ni kwamba vitabu hivi vilimpa mtoto sura yake bila kumrudishia sauti yake.

Kutoka utunzi hadi utafiti

Tunaamini kwamba Odaga mwenyewe aliliona tatizo hili, na ushahidi wetu ni mwelekeo wa kazi zake baada ya mwaka 1974. Mazingira ya kitaaluma yalikuwa yamebadilika. Mwaka 1968 Ngugi wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor Anyumba walitoa pendekezo lao mashuhuri la kuivunja Idara ya Kiingereza ya Nairobi na kuiweka fasihi ya Afrika, ile simulizi ikiwemo, katikati ya masomo. Mwaka 1974 walimu wa fasihi walikutana katika Nairobi School kujadili ufundishaji wa fasihi katika shule za sekondari. Mwaka huo huo B. Onyango-Ogutu na A. A. Roscoe walichapisha Keep My Words, mkusanyo wa fasihi simulizi ya Waluo. Mwaka 1976 ripoti ya Kamati ya Gachathi ilipendekeza kwamba lugha ya eneo itumike katika madarasa matatu ya mwanzo na kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima.

Katika hali hii Odaga aliwekeza miaka yake ya utafiti katika sigendini za Waluo na thamani yake ya kielimu. Swali alilochagua linaonyesha mkabala wake. Wakusanyaji wengi waliomtangulia, hasa wamisheni na wanaanthropolojia, walizitazama ngano kama ushahidi wa mila. Wapo baadaye walioziangalia kama miundo ya kuchanganuliwa. Odaga aliuliza zinamfundisha nini mtoto, na zinamfundishaje. Hilo ni swali la mwalimu, na ni swali la pim.

Matunda ya utafiti huo yalitokea katika vitabu vitatu. Oral Literature: A School Certificate Course, alichokiandika pamoja na S. Kichamu Akivaga mwaka 1982, ni miongoni mwa vitabu vya kwanza vya kuwafundisha wanafunzi wa sekondari wa Kenya fasihi simulizi kama somo lenye kanuni zake. Yesterday's Today: The Study of Oral Literature, cha mwaka 1984, kiliendeleza kazi hiyo, na anwani yake yenyewe ni hoja: fasihi simulizi si mabaki ya jana, ni jambo la leo. Cha tatu, Literature for Children and Young People in Kenya cha mwaka 1985, ndicho kilichotuwekea msingi wa uhakiki wa fasihi ya watoto hapa nchini, kwa kuwa kiliikusanya fani hii mahali pamoja na kuidai haki ya kuchunguzwa.

Walimu wengi waliofundisha fasihi simulizi katika shule zetu tangu miaka ya 1980 wamepita katika njia iliyolimwa na vitabu hivi, wakijua au bila kujua. Umuhimu wake mkubwa, kwa maoni yetu, ni kwamba vilimrudisha mwanafunzi kwa wazee wake. Mwanafunzi aliyeambiwa akusanye ngano, methali na vitendawili wakati wa likizo alilazimika kuketi na bibi yake na kumwuliza. Katika kizazi kilichofundishwa kuionea haya lugha ya nyumbani, kazi hiyo ya likizo ilikuwa tiba.

Thu Tinda: lugha na kiwanda

Mwaka 1980 Odaga alichapisha mkusanyo wa ngano aliouita Thu Tinda. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, lakini fomula ya kufungia ngano ilikuwa imepanda hadi kwenye jalada. Miaka miwili baadaye duka lake la vitabu la Kisumu likapewa jina hilo hilo. Kile ambacho vitabu vya miaka ya 1960 vilikiacha mlangoni pa shule, yaani kauli ya Kiluo iliyowaunganisha fanani na hadhira, sasa kilikuwa kimeandikwa juu ya mlango wa duka mjini, mahali ambapo mama muuza samaki na mwalimu wa shule wanapita.

Katika miaka ya 1980 Lake Publishers ilianza kutoa maandishi ya Dholuo. Miongoni mwake ni Ange ok Tel, kitabu ambacho anwani yake ni methali isemayo kwamba majuto hayatangulii, nasi tutaitambua kuwa ndugu wa “majuto ni mjukuu”. Na Nyamgondho wuod Ombare cha mwaka 1986, ambacho kilitolewa kwa Dholuo na pia kwa Kiingereza. Hapa jibu lake limebadilika. Hakukiacha Kiingereza, lakini alikiondoa katika nafasi ya kuwa mlango pekee. Wakati huo huo Grace Ogot alichapisha riwaya yake ya Dholuo, Miaha, mwaka 1983, na Ngugi alianza kuwaandikia watoto kwa Kikuyu. Tofauti ni kwamba Odaga alikuwa mchapishaji pia. Alitambua kuwa mtunzi anayebadili lugha bila kubadili kiwanda bado ataomba ruhusa kwa mwenye kiwanda.

Yafaa tusimame kidogo juu ya visa viwili alivyovishughulikia katika kipindi hiki, kile cha Simbi Nyaima na kile cha Nyamgondho, kwa kuwa vinaangaza kazi yake yote. Simbi ni ziwa dogo lililo karibu na Kendu Bay. Kisa chasema kwamba palikuwa na kijiji mahali hapo, na usiku wa karamu akaja bibi kizee mgeni akiomba hifadhi. Walevi wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu alimpokea, akaonywa aondoke. Kisha maji yakakifunika kijiji pamoja na karamu yake. Nyamgondho naye alikuwa mvuvi fukara wa Gwassi ambaye wavu wake ulinasa bibi kizee. Alimchukua nyumbani, na kwa baraka za bibi huyo akawa tajiri wa ng'ombe na wake. Siku moja alirudi amelewa akamtukana na kumkumbusha alikomtoa. Bibi akarudi ziwani, na mifugo yote ikamfuata majini. Mvuvi alibaki ufukoni akiegemea fimbo yake na kutazama maji mpaka akageuka mti.

Kwa kawaida visa hivi hufasiriwa kuwa mafunzo juu ya ukarimu na ulevi, na fasiri hiyo ni sahihi. Lakini vikisomwa pamoja, na vikisomwa kama chaguo la mtunzi huyu, vinadokeza jambo zaidi. Katika vyote viwili mhusika mkuu ni bibi kizee atokaye nje, asiye na ukoo pale alipo, ambaye hazina ya jamii imo mikononi mwake. Jamii ikimpokea inaishi, ikimtupa inazama. Huyo ni pim. Mwalimu aliyeishuhudia shule ikiifunga siwindhe hangeweza kukosa kuona kwamba visa hivi vilikuwa vikizungumza juu ya msimulizi mwenyewe. Mali ya Nyamgondho iliondoka kwa tusi moja la mtu aliyesahau asili ya utajiri wake. Na mtoto aliyevishwa kibao shingoni alifundishwa kutamka tusi la namna hiyo dhidi ya nyanya yake.

Mipaka ya kazi yake

Uhakiki ungepungukiwa kama ungeishia katika sifa. Tungependa kutaja mipaka mitatu. Wa kwanza ni wa kifani. Mwalimu ndani ya Odaga mara nyingi hamwachi msimulizi aende zake. Ngano ya siwindhe ilimwamini mtoto agundue funzo mwenyewe, au akose kuligundua mpaka akue. Kitabu cha shule hutaka funzo lionekane kabla ya kengele kulia. Ni maradhi ya fasihi yetu ya watoto kwa jumla, na vitabu vya Kiswahili vina dalili zake zaidi ya vyake, lakini yeye hakuyaepuka.

Wa pili unahusu uhamishaji wa ngano kutoka ulimini hadi maandishini. Wimbo, kicheko, kimya na ukosoaji wa hadhira havina alama za uandishi. Kurudi kwa Dholuo kulirudisha sauti ya maneno, hakukurudisha hadhira yenyewe. Hapa twaweza kusema kwamba Odaga alilijibu swali lake nusu, na kwamba nusu iliyobaki haiwezi kujibiwa na kitabu peke yake. Inahitaji mwalimu anayejua kukisoma kitabu kwa sauti, akaruhusu darasa liitikie.

Wa tatu ni wa kiuchumi. Kitabu cha Dholuo kisichotahiniwa hununuliwa na wachache, na kampuni ndogo ya Kisumu haikuweza kushindana na mashirika yaliyouza vitabu vya kiada kwa nchi nzima. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima la kutahiniwa na hivyo kukipatia soko. Lugha nyingine za Kiafrika hazikupata bahati hiyo. Sisi tunaofundisha Kiswahili tulinufaika na uamuzi ule, na ni haki tukiri kwamba ushindi wa lugha yetu haukuwa ushindi wa jirani zake.

Urithi wake

Mwaka 2005 Odaga alitoa kamusi ya Dholuo na Kiingereza. Wapo watakaoiona kamusi hiyo kuwa kazi ya pembeni, lakini katika mkondo tulioufuata ni hatua iliyotarajiwa. Aliyeanza kwa kumpa mtoto hadithi, akampa mwalimu mbinu, akaipa lugha kiwanda, alimalizia kwa kuipa lugha hiyo hazina yake ya maneno iliyopangwa, ili mtunzi mwingine asianze na mikono mitupu.

Urithi huu una madai kwetu. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika katika madarasa ya mwanzo ya shule zote mwaka 2019, unarudia wazo la zamani la kumfundisha mtoto mdogo kwa lugha ya eneo lake. Na Katiba inaitaka serikali ikuze lugha za wenyeji. Maneno hayo yaliwahi kusemwa mwaka 1976, na yalikwama kwa sababu vitabu havikuwepo na walimu hawakuandaliwa. Yatakwama tena ikiwa idara za lugha za Kiafrika zitaendelea kuiona fasihi ya watoto kuwa ukumbi wa kusubiria, mahali pa kupita kuelekea fasihi ya kweli. Tunahitaji uhakiki unaokipima kitabu cha mtoto kwa vipimo vya fani na lugha, na si kwa idadi ya mafunzo yaliyomo. Tunahitaji tarjama za moja kwa moja kati ya lugha zetu, ili Nyamgondho asilazimike kupitia London ndipo afike Mombasa. Na tunahitaji wanafunzi wa uzamili watakaouona ufuko wa Gwassi na jioni za Rarieda kuwa maktaba zenye haki sawa na zile zilizojengwa kwa mawe.

Odaga aliingia katika kazi hii akiwa mwalimu wa kijijini ambaye darasa lake halikuwa na vitabu vya kuwaonyesha watoto nafsi zao. Aliandika vitabu hivyo. Alipoona kwamba vilikuwa vimesahau sauti ya nyumbani, alitumia nusu ya pili ya maisha yake kuirudisha. Mtunzi wa watoto anayethubutu kuipita kazi yake mwenyewe kwa namna hii ni nadra, na fasihi iliyompata mtu wa aina hiyo haifai kumwacha akiwa jina katika orodha ya vitabu vya darasa la tano.